Kila Nchi na Mlezi Wake

Sisi tuliopanga vyumba hapa Forest, mtaa wa Brussels ambao wasemao Kiholanzi huuita Vorst, ni majirani wa kiwanda kilichonyamaza. Audi ilikifunga tarehe 28 Februari 2025, na watu wapatao 3,000 wakakosa kazi. Kilikuwa kikiunda magari ya umeme. Haukupita muda mrefu wanasiasa wa Ubelgiji, waziri wa ulinzi Theo Francken akiwa miongoni mwao, wakaanza kuzungumzia uwezekano wa kukitumia kutengenezea zana za kijeshi. (Barabara ya kiwanda hicho ina jina la Jeshi la Pili la Uingereza, lililoingia Brussels Septemba 1944. Mji huu unajua kuokolewa na mgeni.)

Ulaya imeshtuka. Imeona Marekani si ukuta wa kuegemea siku zote, na Mei 2025 Umoja wa Ulaya ukapitisha mfuko wa mikopo ya pamoja ya euro bilioni 150 kwa ajili ya ununuzi wa silaha. Hatuusifu mfuko huo. Fedha za silaha hutoka mahali, na mara nyingi hutoka shuleni na hospitalini. Tunachokiangalia ni utaratibu. Hawa watu hugombana, Hungaria imewahi kuwakwamisha mara nyingi, lakini hugombana wakiwa wamekaa meza moja. Je, Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki imekaa meza gani?

Kwa maandishi, tuko mbali. Ibara ya 123 ya Mkataba wa Jumuiya inataka nchi wanachama ziwe na sera za pamoja za mambo ya nje na usalama. Ibara ya 125 inataka zishirikiane katika ulinzi, na itifaki ya ulinzi ilitiwa saini mwaka 2012. Sasa tazama vitendo. Tarehe 2 Machi 2022 Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kuhusu uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, kati ya nchi nane zilizomo leo katika Jumuiya, Kenya, Rwanda, Kongo na Somalia ziliunga mkono azimio la kuulaani. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini hazikuelemea upande wowote. Nne kwa nne! Mwaka 2024 Kenya ikatangazwa na Marekani kuwa mshirika wake mkuu asiye mwanachama wa NATO, Tanzania ikafanya mazoezi ya kijeshi na China, na Rwanda ikatia saini na Umoja wa Ulaya hati ya maelewano kuhusu madini. Kila nchi ina mlezi wake, wala hatusemi mlezi wa aina ya mwalimu anayetulea chamani kwetu.

Gharama yake imelipwa Kivu. Kikosi cha Jumuiya kiliingia mashariki mwa Kongo Novemba 2022, kikaondoka Desemba 2023 baada ya Kinshasa kulalamika kwamba hakipigani na M23. Nafasi yake ikachukuliwa na kikosi cha SADC, ambacho Tanzania ilikuwa ndani yake. Burundi ilikuwa na askari wake upande wa jeshi la Kongo. Kwa upande mwingine, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika ripoti baada ya ripoti kwamba Rwanda inawasaidia M23. Kigali inakana na kutaja tishio la FDLR. Kwa hiyo wanajeshi wa nchi za Jumuiya moja, wanaoimba wimbo mmoja wa Jumuiya Arusha, walijikuta pande mbili za vita vilevile. Goma ikaanguka Januari 2025, Bukavu Februari.

Wakuu wa Jumuiya na wa SADC walikutana Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025. Ulikuwa mkutano mzuri, na wa kwanza wa aina yake. Lakini mwezi uliofuata Rais Tshisekedi na Rais Kagame walikutana Doha, na tarehe 27 Juni mawaziri wao wa mambo ya nje wakatia saini makubaliano Washington, mazungumzo ya amani yakienda sambamba na habari za madini. Marais wenyewe wakaenda Washington tarehe 4 Desemba. Siku chache baadaye M23 wakaingia Uvira. Hatusemi Qatar na Marekani zikataliwe. Tunasema walikwenda huko bila kauli moja ya nyumbani, na asiye na kauli huandikiwa.

Wapo watakaotukumbusha kwamba kuchagua rafiki ni haki ya kila taifa huru. Ni kweli. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, Tanganyika, Kenya na Uganda zote ziliita askari wa Uingereza kuyazima, aibu ambayo Nyerere hakuisahau. Akaunda jeshi jipya, akatafuta wakufunzi Kanada na China. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilipokata msaada wa kijeshi kwa sababu ya ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki, alikataa kuyumbishwa. Hata hivyo, Ubelgiji nayo ilijitangazia kutofungamana mwaka 1936, ikiwa peke yake, na Mei 1940 ikavamiwa. Baada ya hapo iliwatafuta majirani.

Hatudai kura moja kuhusu Ukraine wala Taiwani. Tunadai jambo dogo zaidi: nchi mwanachama inayotaka kusaini mkataba wa ulinzi au wa madini na dola kubwa, ilhali jirani yake yumo vitani, ipeleke taarifa kwanza kwa Baraza la Mawaziri, na Bunge la Afrika Mashariki liujadili hadharani. Maamuzi ya Wakuu wa Nchi hufikiwa kwa maafikiano, hivyo nchi moja inaweza kuyazuia. Taarifa haihitaji maafikiano. Inahitaji barua.

Na ijadiliwe kwa lugha gani? Goma, Bukavu na Uvira husema Kiswahili. Mwanajeshi wa Tanzania na wa Kenya akisimamishwa kwenye kizuizi huko Kivu, hujieleza kwa Kiswahili. Tunawaomba walimu wetu watuongoze muhula huu katika kufasiri makubaliano ya Washington, pamoja na Ibara za 123 na 125, tuzijadili chamani. Wanachama wenzetu kutoka Kongo, Rwanda na Burundi wamo humu humu. Tungependa wao ndio waanze kusema.