Minova: Rezo ikilegea, mteja asilaumiwe kwanza

Minova, wilayani Kalehe, Kivu ya Kusini, kijana akilalamika kwamba picha haifunguki kwenye simu, jibu huwa ni lile lile: simu yako imezeeka, ao mega zimekwisha, ongeza. Anaongeza. Picha bado haifunguki. Feza imekwenda, na ugonjwa wenyewe haujatafutwa.

Mafundi wa zamani hawakufanya hivyo. Wakati intaneti ilipopita katika waya wa simu ya mezani, modemu nzuri haikuzidi kilobiti 56 kwa sekunde. Modemu mbili zilianza kwa kusikilizana; zikikuta kelele katika waya, zilipunguza mwendo zenyewe. Kwa hiyo fundi hakukimbilia kubadilisha kompyuta. Aliinua mkono wa simu na kusikiliza. Mlio ukiwa safi, huenda waya ni mzima. Kukiwa na mkwaruzo, huenda maji yameingia kwenye kiungo ao shaba imeshika kutu. Kisha alifuata waya hatua kwa hatua, kutoka mezani hadi nguzoni.

Nyaya za posta ya serikali, iliyoitwa ONPTZ wakati wa Zaïre, kisha OCPT na leo SCPT, ziliharibika, na Wakongomani wengi wakaingia moja kwa moja katika simu ya mkononi. Waya umekwenda, lakini kanuni ya fundi inafaa Minova hata leo: tafuta kwanza mahali njia ilipokatika.

Wengi wanadanganywa na vijiti vya rezo. Vijiti vinaonyesha tu nguvu ya mawimbi kati ya simu na anteni iliyo karibu. Havisemi kitu juu ya safari inayobaki, kutoka anteni hiyo kwenda nyingine, juu ya vilima. Vijiti vinaweza kujaa na njia ya mbele ikawa imeziba.

Kipimo ni rahisi. Kadi ya sim iwekwe katika simu ya jirani. Ikienda haraka, ubaya uko katika simu ya kwanza. Ikichelewa pia, mtu ajaribu saa kumi ya usiku, wakati wengine wamelala. Ikienda mbio saa hiyo, anteni inabeba watu kupita uwezo wake. Ikibaki nzito, huenda hitilafu iko kwenye anteni ao mbele yake, na hapo hakuna mega itakayoitengeneza.

Huu si mchezo wa vijana. Mfanyabiashara anauliza bei ya Goma kabla ya kupakia mazao ndani ya boti. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na watu wengi wakafa. Siku kama ile, jamaa inategemea simu ili ijue nani amefika.

Wengine watasema: ni vita. Ni kweli. M23 iliingia Minova Januari 2025, na mafuta ya jenereta pamoja na fundi wa kupanda anteni vinahitaji barabara salama. Lakini vita haielezi kwa nini mteja haambiwi kitu. Kampuni ikijua kwamba anteni imezima, inaweza kutangaza redioni. Na forfe ya saa 24 inayoisha huku anteni imelala ni feza iliyochukuliwa bila kazi. Saa hizo zirudishwe.

ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano nchini, haiwezi leo kutuma mkaguzi Minova kwa urahisi. Lakini inaweza kuziita ofisi kuu za kampuni za simu, ambazo ziko Kinshasa. Nani anatawala barabara ni swali moja. Nani amepokea feza ya mega ni swali lingine, na jibu lake linajulikana.

Wakaaji nao wana sehemu yao. Waandike tarehe, saa, mtaa na matokeo ya kipimo, kisha shirika la raia liyakusanye. Kusema tu kwamba rezo ni mbaya hakumsumbui mtu. Karatasi yenye siku kumi za vipimo, kutoka mitaa mitano, si rahisi kuitupa.