Taa ya kifuani ni yetu, na umeme wa Shari pia ni wetu

Wandugu wa Bambu, wa Bunia, na ninyi wote munaotufuata,

Tangu tulipoweka picha ya ile taa ya duara inayovaliwa kifuani, maswali hayaishi. Ni ya kuchezea ao ni ya kweli? Ninyi munadai haki ao munatengeneza sinema? Wengine wanacheka tu, eti Iron Man amehamia Djugu. Leo tunajibu wote mara moja.

Ni ya kweli. Inawaka, inachajiwa na jua, na karibu vipande vyake vyote vimetoka kwa vitu vilivyotupwa. Wazo lilitoka kwa mdogo wetu wa sekondari, mtoto wa Bambu ambaye familia yake ilikimbia vita na sasa inaishi Bunia. Alikuwa ameangalia kwa simu ile filamu ya 2008 ambamo Tony Stark, akiwa mateka ndani ya pango, anaunda kile kitu cha mwanga cha kifuani kwa vyuma vya makombora. Mutoto akatuuliza: ule alikuwa na makombora, sisi tuko na nini?

Tulicheka. Kisha tukaangalia chini ya meza ya fundi wa simu. Batri za laptopu zilizokufa, torshi zisizowaka, redio bila sauti. Tuko navyo vingi. Na tusisahau kitu kimoja: kule Bambu wachimbaji wanafunga torshi kichwani miaka na miaka wakishuka shimoni, na hakuna mtu aliyewahi kuwaita mashujaa wa sinema.

Kwa nini kifuani, si mkononi? Mutu mwenye kutoka soko jioni hana mkono wa bure. Mama ana beseni kichwani, mtoto mgongoni, mfuko mkononi. Motari anayekuja mbio kwenye njia isiyo na taa anamuona mutu amefika karibu sana. Mwanga wa duara unaokaa kimo cha kifua anauona mbali. Mumoja wetu aligongwa hivyo na pikipiki usiku, akakaa wiki tatu na mguu kwenye plasta. Ndiyo sababu hatukuichukua kama mchezo.

Namna tulivyoifanya ni hii, kwa wale wanaotaka kujaribu. Tulitoa ampuli kumi za LED nyeupe ndani ya torshi mbovu. LED ya namna hiyo inataka karibu volti 3. Batri ya laptopu, ukiipasua sanduku lake vizuri, ina ndani vipande vya duara virefu vinavyoitwa 18650: milimita 18 unene, 65 urefu. Kipande kimoja kikijaa kinatoa volti 4.2. Ni nyingi kwa LED, kwa hiyo kila moja inahitaji rezistansi yake. Siku ya kwanza tuliunganisha bila rezistansi, sababu ya haraka, na ampuli tatu zikakufa papo hapo. Sasa tunatumia ohm 68 kwa kila LED, tunazitoa kwa redio za zamani. Hivyo taa zote kumi zinakula karibu miliampea 160 batri ikiwa imejaa, na kidogo kidogo inapungua. Batri ya zamani ambayo bado inashika 1500 inapita masaa tisa. Hiyo inatosha kwa safari ya kurudi nyumbani, na masomo ya mtoto juu yake.

Duara lenyewe ni kifuniko cha kopo la maziwa. Mbele tumeweka kitako cha chupa ya plastiki, tumekikwaruza na mchanga ili mwanga usambae usichome macho ya mwenzako. Plaki ndogo ya jua ya volti 5 inachaji kupitia kile kidude kinachoandikwa TP4056. Chukueni ile yenye kinga, inayokata batri isijae kupita kiasi wala isiishe kabisa. Hicho kidude ndicho tulichonunua. Musijaribu kukiruka.

Hapa tunasema kwa ukali kidogo. Batri hizi zinawaka moto zikiguswa vibaya. Ile iliyovimba, yenye kutu ao yenye kuvuja, muiache. Ile ambayo ukiipima iko chini ya volti 2, muiache pia. Musilehemu moja kwa moja juu ya batri. Na musiiweke kifuani! Tony Stark moyo wake uko kifuani, wetu uko kwenye mukanda, ndani ya mfuko wa ngozi, waya inapanda chini ya shati. Ni mama mmoja wa kartie ndiye alitukosoa juu ya hilo, sisi wenyewe tulikuwa hatujafikiri.

Wenye kutengeneza namna hii si sisi peke yetu Congo hii. Kinshasa, wasanii wa tamasha la KinAct, lililoanzishwa na Eddy Ekete, wanavaa makopo, nyaya, matairi na simu mbovu mwili mzima, wanatembea katikati ya jiji. Watu wanashangaa, halafu wanaanza kuuliza takataka hizi zote zimetoka wapi.

Swali hilo tulijiuliza pia tukipasua batri. Ndani ya nyingi kati ya hizi muna kobalti. Sehemu kubwa zaidi ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu, kule Lualaba na Haut-Katanga. Inaenda mbali, inarudi ndani ya laptopu ambayo imeshatumiwa Ulaya miaka sita, inakufia mikononi mwetu, na sisi tunaipasua kwa kisu ili tupate mwanga kidogo. Katika Black Panther ya 2018 Wakanda ina madini yake na usiku wake unang'aa. Watu wa Bambu walitoka kwenye ile filamu na kicheko cha uchungu.

Sababu Bambu si fasi ya kawaida. Dhahabu ya Kilo ilijulikana kwa wakoloni tangu 1903. Bambu-Mines, jina lenyewe linasema. Kwenye mto Shari Wabelgiji walijenga kituo cha umeme cha Budana kwa ajili ya migodi. Maji ya Shari bado yanashuka. Lakini jioni, ukisimama kwenye njia zetu nyingi, kinachokuonyesha njia ni mwezi na taa za pikipiki.

Ndani ya kikundi tulibishana juu ya taa hii hata tukakasirikiana. Mwenzetu mmoja alisema: ninyi munataka vijana waonekane, na kwetu kuna fasi ambako kuonekana usiku ni kufa. Ana haki. Ituri iko chini ya état de siège tangu 06/05/2021, na barabara za Djugu tunazijua. Kwa hiyo tumekubaliana: taa hii ni ya mjini, ya kartie na ya nyumbani. Hakuna mtu wetu anaivaa barabarani kuelekea Bambu giza likiingia. Hatuweki rangi nyekundu wala buluu, hatuweki mwanga wa kupepesa. Ukikaribia barieri, unapunguza mwendo, mikono wazi, na ukiambiwa zima, unazima. Askari mwenye hofu hajaona filamu yako.

Tena kuna jambo ambalo limetufanya tuandike tamko hili. Mheshimiwa mmoja alituona na taa, akatupongeza sana, akataka picha nasi. Akasema, vijana kama ninyi ndio suluhisho la giza la Ituri. Tulimshukuru kwa heshima. Kisha mdogo wetu, yuleyule wa filamu, akamuuliza: papa, kama sisi ndio suluhisho, pesa ya taa za barabarani inafanya kazi gani? Picha haikupigwa.

Hatukatai sifa. Tunakataa sifa inayotumiwa kuziba deni. Kopo la maziwa na ampuli kumi haliwezi kuendesha friji ya chanjo, mashine ya fundi chuma, wala kuangaza chumba mwanamke anamozalia saa nane ya usiku. Kazi hiyo ni ya Shari. Kwa hiyo, kwa wale wote walio na mamlaka juu ya umeme na bajeti ya jimbo, tunaomba kwanza mutangaze hadharani umeme unaotoka mtoni ni kiasi gani na unaenda kwa nani. Ratiba ya kukatwa itundikwe mbele ya kila ofisi ya kartie, mama ajue kama leo atauza samaki ao wataoza. Na taa za barabarani zianze kwenye soko, mbele ya shule na kwenye kambi za wakimbizi, si mbele ya nyumba za wakubwa.

Kwa vijana: Jumamosi saa nane tunakutana tena kulehemu. Mulete torshi mbovu, redio mbovu, batri za laptopu, lakini zilizovimba muziache nje ya nyumba. Dada zetu, hatutaki mubaki nyuma. Taa nzuri kuliko zote mpaka sasa ilifanywa na mshonaji, aliyeishonea mfuko ndani ya koti lake la mvua. Tuko na vifuniko ishirini na mbili. Rezistansi ndizo zinakosekana.