Kabla ya Kuwazomea Vijana wa Mazingira

Ndugu zangu wa Feri na Kariakoo, siku hizi kijana akitaja mabadiliko ya tabianchi kijiweni, majibu yanajulikana kabla hajamaliza: ametumwa, analipwa na wazungu, hana kazi ya kufanya. Wenzetu wa Uganda wamekwenda mbali zaidi. Oktoba 2022, jijini Kampala, wanafunzi tisa walikamatwa wakiandamana kuunga mkono azimio la Bunge la Ulaya lililopinga bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Hasira hiyo ina chanzo chake. Bomba lina kilomita 1,443, sehemu kubwa imepita kwetu, na anayesubiri ajira hafurahi kuambiwa na mtoto wa juzi kwamba ajira yenyewe ni haramu. Kuhusu bomba tubishane, na tubishane kwa heshima. Tatizo ni kwamba hasira ya bomba tumeihamishia kwenye jambo lingine kabisa, jambo la jikoni, ambako vijana wetu wa mazingira wanauliza swali tulilopaswa kuuliza sisi: fedha ya umma inayotolewa kwa ajili ya nishati safi ya kupikia inamfikia nani?

Mwenye shaka kama hilo linatuhusu aende kwa wakaangaji wa samaki pale soko la samaki la Magogoni, Feri, asubuhi, boti zikishateremsha. Karai limejaa mafuta yanayochemka, kuni zinasukumwa chini kwa mguu, na mkaangaji anageuza vibua amefumba jicho moja kwa sababu ya moshi. Anafanya hivyo hadi mchana, mara nyingi mtoto yuko karibu. Takwimu zinazotajwa na serikali yetu wenyewe zinasema vifo takribani 33,000 kwa mwaka nchini vinatokana na moshi wa kupikia. Jiji letu la Dar es Salaam pia ndilo mlaji mkuu wa mkaa wa nchi nzima. Utafiti wa Benki ya Dunia uliotoka 2009 ulionyesha kwamba kati ya 2001 na 2007 kaya za jiji zinazotegemea mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71, na kwamba jiji lilikuwa likiunguza karibu nusu ya mkaa wote wa Tanzania. Kwa hiyo hoja ya kwamba Afrika haikuchafua hewa ya dunia ni ya kweli kabisa, nami naiunga mkono tukikaa na mataifa makubwa. Ila moshi wa Magogoni haukutoka Ulaya, wala hausubiri mkutano wa kimataifa ndipo uingie kifuani.

Wengine wanasema ruzuku ya nishati safi ni kudekezana, kila mtu anunue anachokimudu. Mbona hatukusema hivyo Juni 2022, bei ya mafuta ilipopaa na serikali ikatoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuishusha? Wenye daladala na wenye magari ya kifahari walijaza matangi kwa fedha hiyo, na hakuna aliyeitwa kibaraka. Mwaka huohuo ikaja ruzuku ya mbolea, tukashukuru. Na hoja ya fedha za nje tusiipeleke mbali, maana soko la samaki lenyewe lilijengwa kwa msaada wa Japani, na sijasikia mteja akimuuliza jodari kama ametumwa na Tokyo. Asasi za vijana zikipokea fedha za wafadhili, zidaiwe hesabu kama taasisi nyingine yoyote. Baada ya hapo tusikilize walichosema.

Swali lao, fedha inamfikia nani, lina uzito. Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukapanga kusambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, 3,255 kwa kila wilaya. Ni hatua kubwa, lakini angalia ruzuku imekaa wapi: kwenye mtungi wa kwanza. Mama lishe wa Kariakoo hashindwi na mtungi pekee, anashindwa na siku gesi inapokwisha. Mkaa ananunua kwa kopo, kulingana na mauzo ya jana. Leo akiuza vibaya atanunua kopo moja badala ya mawili. Gesi inamtaka atoe fedha ya mtungi mzima kwa mkupuo, na mtaji wake wote wa mchele, maharage na mafuta haujafika hapo. Matokeo yake mtungi unageuka pambo la uvunguni, jiko la mkaa linarudi mlangoni, na takwimu inaendelea kumhesabu kama aliyehama. Teknolojia ya mita za kulipia gesi kidogokidogo kwa simu ipo na imeshatumika hapahapa Dar es Salaam. Ruzuku ikihamia kwenye kujaza, au kwenye mita hizo, itamfuata anayepika kila siku.

Pingamizi gumu zaidi linawahusu wauza mkaa. Mnyororo huo, tangu mchomaji wa porini hadi kibanda cha mtaani, unalisha familia nyingi, na marufuku tupu haijawahi kuuvunja. Januari 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa, bei ikapaa, na katazo likaondolewa upesi. Ndiyo maana nawaomba vijana nao wapunguze lugha ya kufunga na kukataza. Mifuko ya plastiki iliondoka Kariakoo Juni 2019 kwa sababu mbadala ulikuwapo dukani siku ileile. Muuza mkaa naye anahitaji njia ya kuwa wakala wa gesi kabla ya kuambiwa afunge. Ni kweli pia kwamba gesi ya mitungi inatokana na mafuta na gesi asilia, na inaagizwa nje, kwa hiyo si usafi uliokamilika. Mkaangaji atakayepewa umeme wa bei nafuu na jiko linalohimili karai lake ahamie huko moja kwa moja.

Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo waligoma na kufunga maduka, na Waziri Mkuu akaja kukaa nao Mnazi Mmoja. Nguvu hiyo ya kusikilizwa tunayo. Ninachoomba safari hii hakihitaji kufunga duka. Wenyeviti wa serikali za mitaa waiweke ruzuku ya gesi kwenye ajenda ya mkutano ujao na wawaalike vijana wa mazingira wajieleze, waulizwe maswali makali, wasizomewe. Vikundi vya wakaangaji na mama lishe viombe majiko kupitia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ni haki ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vijana wenye kalamu na kompyuta wawaandikie maandiko ya maombi hayo bila malipo, ndiyo kazi ya uanaharakati. Kisha soko na mitaa tuandike barua moja kwa mbunge na Halmashauri ya Jiji, kabla bajeti haijasomwa Dodoma mwezi Juni, tukitaka ruzuku iende kwenye kujaza gesi. Barua itahitaji hesabu. Kila mkaangaji na kila mama lishe aanze leo kuandika kwenye daftari anachotumia kununua kuni au mkaa kwa siku, na baada ya mwezi aje nalo mkutanoni.