Akiba Isiyotunzwa Huoza



Mwezi huu wa Juni, mwezi wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, ni pia wakati wa mavuno kwetu huku Ugogo. Ukipita vigangoni unakuta mahindi yamerundikwa uani, masuke ya mtama na uwele yameanikwa juani, na watoto wamepewa kazi ya kufukuza kuku. Ni majira ya furaha. Naomba nitumie tafakari ya juma hili kuwaeleza jambo la aibu lililonipata mimi paroko wenu, kwa kuwa naona linazigusa familia zetu zote.

Mwaka jana, katika Misa ya shukrani ya mavuno, mlitoa matoleo kwa ukarimu mkubwa. Magunia sita ya mahindi yaliingia katika stoo ya parokia. Nikayapokea, nikayabariki, nikafunga mlango na kuutundika ufunguo ukutani. Nia yangu ilikuwa kuyagawa Januari na Februari, wakati ambapo vihenge vingi ni vitupu na shamba bado ni bichi. Sikuuliza kama mahindi yamekauka. Sikuyainua kutoka sakafuni. Januari nilipoufungua mlango, harufu ilinipokea kabla macho hayajaona chochote. Magunia manne yalikuwa yameshikamana kwa ukungu.

Ndugu zangu, lazima nikiri na kilichofuata. Wazo langu la kwanza halikuwa kuyatupa. Nilisema moyoni: tuyapepete, tuyaoshe, tuyakoboe, unga ukishakuwa mweupe nani atajua? Wenye njaa watashukuru. Bibi mmoja mjane, mwana-WAWATA aliyekuja kusaidia kazi ya kugawa, aliingiza mkono guniani, akanusa kiganja chake, akaniambia kwa upole: “Baba Paroko, haya usimpe mtu. Wewe mwenyewe ungeyala?” Sikuwa na jibu. Tulichimba shimo, yeye, katekista na mimi, tukaifukia sadaka yenu. Hata kuku hatukuwapa.

Bibi yule hakusema kwa kubahatisha. Mwaka 2016, katika wilaya za jirani zetu wa Chemba, Kondoa na Kiteto, watu waliugua ghafla baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na takriban 20 walifariki. Miaka 12 kabla ya hapo, mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317, na 125 kati yao walipoteza maisha. Wengi wa marehemu hao hawakununua chakula kibovu kwa mfanyabiashara mdanganyifu. Walikula mahindi waliyoyalima kwa mikono yao na kuyaweka nyumbani yakiwa na unyevu. Sumu hiyo hutengenezwa na ukungu, haionekani kwa macho, na kuchemsha hakuiondoi. Asiyekufa mara moja huenda akaharibika ini taratibu, miaka mingi baadaye.

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Siku ile, nikiwa nimeshika koleo, niliutafakari usemi huo. Nadhani wazee waliweza kusema hivyo kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyejua kutunza. Kukausha, kuchambua, kutia majivu, kuinua kihenge juu ya moto wa jikoni ili moshi ukikaushe na kufukuza wadudu: hayo hayakuhitaji kutajwa kwenye methali. Siku hizi tumebaki na methali, na ujuzi tumeusahau.

Wapo waamini wanaoniuliza, “Padre, kuhangaikia akiba si kukosa imani? Bwana hakutuambia tutazame ndege wa angani?” Ni swali zuri, na Maandiko Matakatifu yanalijibu kwa namna zaidi ya moja. Katika sura ya 16 ya kitabu cha Kutoka, wana wa Israeli waliobakiza mana hadi asubuhi kwa kukosa kumtumaini Mungu waliikuta ina mabuu na inanuka. Lakini mana waliyoiweka siku ya sita, kwa ajili ya Sabato, haikuharibika. Chakula ni kile kile na usiku ni mmoja tu. Tofauti ilikuwa katika moyo wa aliyeweka, aliweka kwa hofu au kwa utii.

Tajiri wa sura ya 12 ya Injili ya Luka naye alijenga maghala, akaitwa mpumbavu. Tusome kwa makini kosa lake. Katika mashauri yake yote na nafsi yake, hamna jirani hata mmoja. Yusufu, katika sura ya 41 ya Mwanzo, naye alijenga maghala, akaweka sehemu moja ya tano ya mavuno kwa miaka saba, na nafaka hiyo ikawaokoa hata ndugu zake waliomuuza. Kwa hiyo hatuulizwi tu kama tunaweka akiba. Tunaulizwa pia tunamwekea nani.

Wasomaji wengi wa habari ya Yusufu huishia hapo. Naomba leo twende hadi sura ya 47. Njaa ilipoendelea, watu wa Misri walinunua nafaka kwa fedha. Fedha ilipokwisha, wakatoa mifugo. Mifugo ilipokwisha, wakatoa mashamba yao, na mwisho wakajitoa wenyewe kuwa watumwa wa Farao. Waliokoka, naam, lakini waliokoka wakiwa si huru. Ghala lilikuwa moja tu, na halikuwa lao.

Tusidhani jambo hilo ni la Misri peke yake. Ni familia ngapi katika parokia hii huuza mahindi yangali shambani, kwa bei ya kutupa, ili kulipa deni la mwaka jana? Ni wangapi wanauza gunia mwezi huu, bei ikiwa chini, kisha Februari wananunua debe moja moja kwa bei ya juu? Na nisiseme ya wengine tu. Sherehe zetu za Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, ambazo sisi mapadre tunakaribishwa na kukaa meza ya mbele, humaliza kwa siku moja chakula cha miezi miwili. Mtoto amepokea Roho Mtakatifu, na nyumbani kwao kihenge kimebaki kitupu. Sidhani kama tunamheshimu Roho Mtakatifu kwa njia hiyo.

Babu zetu wa Ugogo walijua gharama ya kihenge kitupu. Njaa waliyoiita Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, haikuletwa na ukame pekee. Majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza, ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, yalikuwa yamechukua ng’ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana, zilikosekana juu ya nyumba ambazo akiba yake ilikwisha kuchukuliwa. Ukame tumekuwa nao siku zote katika nchi hii yenye msimu mmoja wa mvua. Balaa huja ukame unapokutana na nyumba tupu.

Leo tunashukuru kwamba Serikali ina hifadhi ya chakula ya taifa, na kwamba Kanisa lina huduma zake za misaada. Hata hivyo, msaada husafiri kwa barabara na reli, na barabara hukatika. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko ya Kilosa na Mpwapwa yaliiharibu hata Reli ya Kati. Katika siku za namna hiyo, kinachoilisha familia ni kile kilichomo ndani ya nyumba na kile ambacho watu wa nyumba hiyo wanajua kufanya kwa mikono yao.

Basi, wapendwa, niruhusuni nigeuke kidogo kuwa mwanafunzi wa bibi yule na kuwapa aliyonifundisha, pamoja na yale ninayoyasikia kwa mabwana shamba.

Kwanza, kukausha. Mahindi yasilale chini kwenye udongo. Yaanikwe juu ya turubai au chanja. Tuyapukuchue kwa upole, maana punje iliyopasuka kwa kipigo cha fimbo ni mlango wazi kwa ukungu. Kujua kama yamekauka hakuhitaji mashine. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia chumvi kavu kidogo na punje za mahindi, tikisa vizuri, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudi juani. Yakishakauka, tuyachambue, tutupe yaliyooza na kubadilika rangi. Karanga nazo ni hivyo hivyo. Ile iliyosinyaa yenye ukungu isisagwe kwa kisingizio cha kutopoteza.

Pili, kuweka. Yule dumuzi ambaye wengi humwita Skania, aliyeingia nchini kupitia Tabora miaka ya 1970, anaweza kugeuza gunia kuwa vumbi kwa miezi michache. Ipo sasa mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa: ukiijaza na kuifunga tabaka moja moja, wadudu humaliza hewa iliyomo na kufa, bila dawa yoyote. Ila nawasihi, msitie humo nafaka mbichi, na muiweke mbali na panya, juu ya vichanja, isiguse ukuta wala sakafu.

Tatu, mboga. Mama zetu wa Dodoma ni walimu wa nchi nzima katika kukausha mlenda na majani ya kunde. Tuongeze jambo moja tu: tukaushe kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali huondoa vitamini A, ambayo watoto wetu wanaihitaji kwa macho yao. Majani ya kunde na mchicha yachovywe kwanza kwa muda mfupi katika maji yanayochemka. Na kwa miezi yote, kila nyumba inaweza kuwa na bustani ya gunia karibu na mlango wa jiko, ikimwagiliwa maji yaliyooshea mboga. Mchicha huwa tayari kuvunwa baada ya majuma matatu au manne. Asiye na shamba hakosi nafasi ya gunia moja.

Nne, ujuzi wa porini, na hapa nasema na vijana wa VIWAWA na watoto wa Utoto Mtakatifu. Nimekutana na vijana waliomaliza kidato cha nne wasioweza kuwasha moto wa kuni siku ya mvua, wala kutofautisha mgagani na magugu. Waulizeni wazee wangali hai. Jifunzeni miti kwa majina yake, wakati wa kuokota ubuyu na ukwaju, namna ya kuchimba maji katika mchanga wa korongo, na sababu ya kuyachemsha kabla ya kunywa. Jifunzeni pia wakati wa kutovuka. Korongo linaweza kufurika huku juu yako jua linawaka, kwa sababu mvua imenyesha mbali milimani. Kusubiri ng’ambo kwa saa tatu si woga.

Haya yote ni kazi ya familia nzima, na ndani yake naona malezi ambayo mahubiri yangu hayawezi kuyatoa. Mtoto anayegeuza mahindi juani pamoja na baba yake, anayechambua karanga mkekani na bibi yake, hujifunza subira, ukweli na shukrani bila kuambiwa maneno hayo. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, alituita tuitunze dunia kama nyumba yetu ya pamoja. Kwetu sisi utunzaji huo unaweza kuanzia kwenye gunia lililoinuliwa kutoka sakafuni.

Ninaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zote mambo mawili kabla ya mwezi huu kwisha. La kwanza, katika mkutano wenu mmoja, baada ya sala, mfanye pamoja jaribio la chupa na chumvi kwa mahindi ya kila nyumba, na mwenye mahindi mabichi asaidiwe kuyaanika, asichekwe. La pili, kila familia iweke pembeni debe moja, au hata sado moja, la nafaka nzuri kabisa, liitwe fungu la jirani. Lisiletwe parokiani. Likae kwenu, likitunzwa kama chakula chenu wenyewe, hadi Februari mtakapomjua mwenye kulihitaji. Nadhani litakuwa salama zaidi mikononi mwenu kuliko lilivyokuwa stooni kwangu.

Nami nimeanza. Ile stoo imepigwa chokaa, vichanja vimejengwa, na ufunguo sasa anao bibi yule. Kila Jumamosi ananiita tukague pamoja, na amenikataza kuingia na viatu vyenye matope.

Tunapoomba riziki ya kila siku katika Sala ya Bwana, tumshukuru Baba wa mbinguni kwa jua hili la Juni pia. Yeye ametoa mavuno na ametoa jua la kuyakausha. Kilichobaki ni mikono yetu kuyageuza kabla jioni haijaingia.

Nawatakia juma jema lenye baraka. Moyo Mtakatifu wa Yesu, utuhurumie.

Ni mimi Paroko wenu.