Wakikuahidi Barabara Kuu Mjini, Waulize: Jam Iliisha Wapi?



Kila kura ikikaribia, ahadi ni ile ile: mji utajengewa barabara kuu nyingine, jam itaisha, hewa itakuwa safi. Nasi tunapiga makofi. Hebu safari hii tuulize kwanza: iliisha wapi?

Tazama Nairobi. Thika Superhighway ilifunguliwa 2012, ikiwa na njia nane sehemu nyingine. Mwanzoni raha tupu. Kisha majumba yakaota Ruiru na Juja, watu wakanunua magari, na asubuhi foleni zikarudi kule kule kwenye kuingia mjini. 2022 ikaja Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ya kulipia. Mwenye pesa anapita juu, wewe wa matatu umebaki chini na jam yako. Na huyo wa juu akishuka, jam inamngoja.

Jambo hili limepimwa. Wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichunguza miji ya Marekani, na 2011 wakachapisha matokeo: ukiongeza barabara kuu kwa asilimia 10, mwendo wa magari nao unapanda karibu asilimia 10. Sababu ni rahisi. Njia ikifunguka, aliyekuwa akipanda basi anachukua gari, aliyekuwa akisafiri mara moja anasafiri mara mbili, na mwingine anahamia mbali zaidi. Nafasi inajaa tena. Magari mengi zaidi, mafuta mengi zaidi yanachomwa, moshi zaidi.

Sasa moshi huo anauvuta nani? Ni mama anayeuza nguo Kondele, kijana wa boda, mtoto anayetembea kwenda shule. Mwenye gari amepandisha vioo. Ndiyo maana hili ni suala la haki. Katiba yetu, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Kama mwiba njiani ni udhia, sembuse moshi unaoingia kifuani mwa mtoto?

Msinielewe vibaya, hatupingi lami. Barabara ya kutoka Ndori hadi Luanda Kotieno inafikisha samaki sokoni na mgonjwa hospitali. Kijijini shida ni kufika. Mjini shida ni nafasi, na gari lenye mtu mmoja linakula nafasi karibu sawa na matatu yenye abiria 14.

Na hapo hapo Luanda Kotieno kuna somo. Feri inavuka hadi Mbita ikiwa na watu, magari na mizigo. Bila feri, ungezunguka ghuba nzima kupitia Kisumu, Ahero na Homa Bay. Kila gari linalopanda feri ni gari ambalo halikuingia Kisumu kubanana na wengine, na hakuna kibanda kilichobomolewa mjini ili lipite. Ziwa tunalo. Mbona tunalisahau tukipanga usafiri?

Kwa hivyo kaunti ikiita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, nenda. Ushirikishwaji wa umma ni haki yako kwa mujibu wa kifungu cha 10, haukuwekwa kwa ajili ya wazee peke yao. Uliza njia za miguu na baiskeli zina shilingi ngapi. Uliza kuhusu mabasi ya umma na stage zenye kivuli. Uliza kuhusu gati na vyombo salama vya majini. Na wakileta barabara kuu, dai kuiona ripoti ya athari kwa mazingira iliyopelekwa NEMA kabla tingatinga halijawashwa. Andika maoni yako, weka nakala.

Ukinyamaza, wataandika kwamba ulikubali.

Mtumie mwenzako asome.