Maneno Yaliyomezwa na Kisanduku

Mkaazi wa Msuka, kaskazini ya kisiwa cha Pemba, hahitaji kufundishwa maana ya kufurika. Pakacha la karafuu likishajaa, zinazozidi humwagika chini, na kila apitaye huziona. Kufurika kwa namna hiyo si hasara kubwa, maana kilichomwagika chaweza kuokotwa. Hasara ni chombo kinachojaa bila ya kumwaga: hukificha kilichozidi, na mwenye mali akaenda zake akidhani kwamba kila kitu kimo.

Chombo cha namna hiyo kimo katika kompyuta za skuli zetu. Nacho ni jedwali, au kisanduku cha maandishi, ambacho kimo chake kimefungwa.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa fizikia anayetayarisha mtihani. Ameyapanga maswali yake ndani ya jedwali, na ili karatasi ipendeze, safu mlalo zote amezipa kimo cha sentimita mbili kamili. Swali la nne lataka ukinzani wa taa inayopitisha mkondo wa ampea 0.5. Mstari wa mwisho wa swali hilo waeleza kwamba betri ni ya volti 6. Lakini mstari huo umeshuka chini ya ukingo wa safu. Hauonekani katika kioo cha kompyuta, wala hautoki katika karatasi. Mwanafunzi aijuaye vyema kanuni ya Ohm, ambaye angejibu ohm 12 mara moja, aketi akiuma kalamu. Swali halina jibu, naye adhani kwamba upungufu ni wake.

Ni muhimu kufahamu kwamba maneno hayo hayakufutwa. Yamo katika faili, yakiwa nyuma ya ukuta. Katika programu ya Word, kimo cha safu mlalo chaweza kuwekwa kwa njia mbili: kuwa kipimo hiki hasa, au kuwa angalau kipimo hiki. Ya kwanza hufunga mlango. Ya pili huiacha safu irefuke kwa kadiri ya maneno. Dawa, basi, ni nyepesi. Lichague jedwali zima, fungua sifa zake, nenda penye kimo cha safu mlalo, kisha uweke "angalau", au uondoe kipimo chote. Kisanduku cha maandishi nacho kiamriwe kujirekebisha kifuate maandishi yaliyomo. Hata mchoro wa sayansi waweza kuonekana kipande chembamba tu iwapo nafasi baina ya mistari imefungwa kwa kipimo kamili. Uifungue, na mchoro utatokea mzima. Anayetilia shaka jedwali lolote na alinakili lote, kisha alibandike mahali pengine kama maandishi matupu: kila kilichofichika kitajitokeza.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni la mpiga chapa, na kwamba yampasa kuwa mwangalifu. Sikubaliani nao. Mtu hawezi kusahihisha asichokiona. Taipureta za zamani zilikuwa na kengele iliyolia kila mstari ulipokaribia ukingo wa karatasi, na mpiga chapa akajua kwamba nafasi inakwisha. Na si kwamba kompyuta haiwezi kuonya: InDesign, programu ya kupangia kurasa, huonyesha alama nyekundu ya kujumlisha pale maandishi yanapozidi fremu yake. Kengele, basi, yawezekana. Ni uamuzi wa watengenezaji tu.

Wala jambo hili si dogo. Mwezi wa Oktoba 2020, idara ya afya ya umma ya Uingereza ilitangaza kwamba watu 15,841 waliopatikana na UVIKO-19 walikuwa wameachwa nje ya hesabu. Taarifa zao zilipitishwa katika faili za Excel za mfumo wa zamani, ambao hauchukui zaidi ya safu mlalo 65,536 katika jedwali moja. Zilizozidi ziliachwa nje kimya kimya, na kazi ya kuwatafuta waliokutana na wagonjwa hao ikachelewa.

Kwetu sisi tunaoandika Kiswahili, hatari huzidi pale visanduku vinapopimwa kwa maneno ya lugha nyengine. Atakayeandika "Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali", au majina matatu ya mwanafunzi kama ilivyo desturi, huenda akaikuta nafasi imekwisha kabla ya maneno. Fomu hiyo ndiyo yenye kasoro, si jina la mtoto.

Nakiri kwamba vipo vitu ambavyo ukubwa wake haubadiliki, kama vile vyeti na vitambulisho. Hapo na zipunguzwe herufi, au maneno yafupishwe na binadamu ajuaye anachokiacha. Lakini mashine isipewe ruhusa ya kukata bila ya kusema.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kila mwalimu afundishaye kompyuta awape wanafunzi wake jedwali lenye maneno yaliyofichwa, awatake wayatafute. Na kila atengenezaye fomu ya kujazwa na watu aijaribu kwanza kwa jina refu kuliko yote anayoyajua. Kisanduku kimewekwa kwa ajili ya neno. Neno halikuumbwa kwa ajili ya kisanduku.