Orodha ya Mashuhuri Haitoshi

Kwa wengi wetu tuliosomea historia katika shule za Kenya, Mskoti ni mmisionari. Hata jina la Thogoto, kule Kikuyu, limetokana na jinsi wenyeji walivyolitamka jina la Waskoti hao. Yamkini ndiyo sababu mwanafunzi hushangaa anapoambiwa kwamba miongoni mwa watu walioiletea Uskoti sifa katika karne ya ishirini wamo Wayahudi, tena si haba.

Benno Schotz alizaliwa Estonia mwaka 1891, akafika Glasgow mwaka 1912 na kufanya kazi katika kiwanda cha kuundia meli huku akisoma sanaa jioni. Mwaka 1963 aliteuliwa kuwa mchongaji rasmi wa sanamu wa Malkia huko Uskoti. Isi Metzstein aliondolewa Berlin mwaka 1939, akiwa mmoja wa maelfu ya watoto waliookolewa kutoka mikononi mwa Wanazi. Alipokua akawa msanifu majengo, na yeye na mwenzake Andy MacMillan ndio waliosanifu seminari ya Kikatoliki ya St Peter's, Cardross, iliyokamilika mwaka 1966. Muriel Spark, aliyezaliwa Edinburgh na baba Myahudi, alimwandikia kila mwalimu onyo katika riwaya yake ya 1961, The Prime of Miss Jean Brodie. Wahenga hawakukosea waliposema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Wako wanaoshikilia kwamba mgeni hukubalika pale tu anaposahau kwao. Maisha ya mhakiki David Daiches yanawakanusha. Baba yake alikuwa rabi wa Edinburgh. Katika shule ya George Watson's kijana huyo alikosa michezo ya Jumamosi, kwa kuwa siku hiyo ni Sabato. Hata hivyo, ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa kuwafafanua Robert Burns na Robert Louis Stevenson, waandishi ambao Waskoti huwaenzi mno. Katika kitabu chake Two Worlds cha mwaka 1956 anawakumbuka wachuuzi wa Kiyahudi waliopanda garimoshi kwenda Fife, ndimi zao zikichanganya Kiyidi na Kiskoti. Mkataa kwao ni mtumwa. Daiches alikuwa na kwao kuwili, na hakukana hata kumoja.

Naam, orodha ya namna hii hupendeza darasani. Lakini nadai kwamba ikikomea hapo inapotosha, kwani nchi yoyote huona wepesi kujivunia mwana wa mgeni akishapata sifa. Swali gumu ni hili: humtendaje mgeni asiye na sifa, au mwenye sifa mbaya?

Jibu la Uskoti limo katika kisa cha Oscar Slater, Myahudi kutoka Ujerumani. Mnamo Desemba 1908 bibi kizee tajiri, Marion Gilchrist, aliuawa nyumbani kwake Glasgow. Slater alishukiwa kwa sababu ya kipambo cha almasi alichokuwa amekiweka rehani, ingawa ilibainika kwamba alikiweka kabla ya mauaji na hakikuwa cha marehemu. Alikuwa amekwisha kusafiri kwenda New York, akarejea kwa hiari yake ili ajitetee. Mwaka 1909 wazee tisa wa baraza kati ya kumi na watano walimwona ana hatia, naye akahukumiwa kunyongwa. Siku mbili kabla ya kunyongwa, adhabu iligeuzwa kuwa kifungo cha maisha.

Slater hakuwa malaika. Aliishi kwa kamari na kwa njia nyingine zisizo za heshima. Ila mwenendo mbaya si ushahidi wa mauaji, na jaji aliwapotosha wazee wa baraza kwa jinsi alivyozungumzia mwenendo huo. Arthur Conan Doyle, mzaliwa wa Edinburgh, alimtetea kwa maandishi tangu 1912. Mpelelezi John Trench, aliyetoa habari za kumsaidia, alifutwa kazi mwaka 1914 na akafariki 1919 bila kuiona haki. Slater aliachiliwa mwaka 1927, baada ya zaidi ya miaka kumi na minane. Ilibidi sheria mahsusi ipitishwe ndipo rufani yake isikizwe, na hukumu ikabatilishwa mwaka 1928. Alibaki Uskoti hadi alipofariki mwaka 1948.

Kwa maoni yangu, Slater anastahili nafasi katika somo lile lile la Schotz na Daiches. Hakuchonga sanamu wala hakuandika kitabu, lakini kesi yake iliwafunza Waskoti kwamba haki haipimwi kwa asili ya mtu wala kwa tabia yake. Trench naye anafaa kukumbukwa, kwani ndiye mwenyeji aliyepoteza kazi kwa ajili ya mgeni asiyependeza.

Walimu wenzangu, tunapowasimulia wanafunzi habari za jamii ndogo popote duniani, tusiwahesabu mashuhuri pekee. Mtoto akisikia hao tu, atadhani kwamba heshima ni tuzo ya kipaji, na asiye na kipaji hana haki ya kudai. Hilo ni funzo baya kwa darasa ambalo wengi wake, kama sisi wenyewe, hawatakuwa mashuhuri kamwe.